Kocha Amepigwa Kalamu? Namna ya Kupima Tetesi Kabla Hujaipeleka Baze

Timu ikishapoteza mechi ya tatu mfululizo, tetesi kwamba kocha amepigwa kalamu, yaani amefutwa kazi, hufika Kondele, Kisumu, kabla ya wachezaji kuoga. Mwenye boda ana picha ya skrini, abiria wake ana sauti iliyorekodiwa, na kwenye kikundi cha WhatsApp watu wameshaanza kumchagua kocha mpya. Ukiwa msimamizi wa kikundi, au mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira kule Bondeni, Nakuru, macho yote yanakugeukia wewe: ni kweli au si kweli? Dakika kumi na bando ndogo zinatosha kulijibu swali hilo vizuri.

Anza na maneno yenyewe, kabla hujauliza nani kayaleta. Habari za kocha kufutwa huandikwa kwa ngazi, na kila ngazi ina uzito wake.

"Kocha yuko chini ya shinikizo" haikuambii lolote ambalo msimamo wa ligi haujakuambia. Krismasi ya 2020 Arsenal walikuwa nafasi ya 15 na mashabiki wao wengi walitaka kocha Mikel Arteta aondoke. Tarehe 26 Desemba wakaifunga Chelsea 3-1, na kocha akabaki. Sentensi ya namna hii usiipeleke popote.

"Klabu imezungumza na watu wa kocha mwingine" ni nzito zaidi, kwa sababu inataja kitendo. Hata hivyo bado si kufutwa. Mei 2024, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la FA, gazeti kubwa la Uingereza liliandika kwamba Manchester United wangemwachisha kazi kocha wao Erik ten Hag hata akishinda. Alishinda, 2-1 dhidi ya Manchester City. Wakubwa wa klabu wakakaa na kutathmini, wakambakiza, na Julai wakamwongezea mkataba hadi 2026. Waliokuwa wametangaza baze, yaani kijiweni, kwamba "imeisha" walibaki na maneno yao mdomoni. Uamuzi ambao haujasainiwa unaweza kugeuzwa, hata kama mwandishi aliambiwa ukweli siku ile alipoandika.

Ngazi ya juu ni "ameshaambiwa" au "tangazo linatoka leo". Hapa hesabu midomo. Waandishi wanaofuatilia klabu hiyo kila siku, kutoka vyombo tofauti, wakisema kitu kimoja kwa mkupuo, mara nyingi jambo limekwisha. David Moyes alipoondolewa United, magazeti yaliandika Jumatatu tarehe 21 Aprili 2014, klabu ikathibitisha Jumanne asubuhi. Lakini hakikisha ni midomo tofauti kweli. Kurasa kumi zikimnukuu mtu mmoja, huo ni mdomo mmoja uliorudiwa mara kumi. Fungua kila moja, shuka aya ya pili au ya tatu, utafute "kwa mujibu wa". Zote zikiishia kwa jina lilelile, andika: chanzo kimoja.

Sasa picha ya skrini, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Ikuze kwa vidole viwili hadi mstari wenye alama ya @ ujae skrini. Jina kubwa la juu mtu yeyote anaweza kujiandikia. Mstari huo mdogo ndio akaunti yenyewe. Soma herufi moja moja. Herufi r na n zikibanana zinasomeka kama m, na I kubwa inafanana kabisa na l ndogo. Tiki ya buluu isikutulize: kwenye X, zamani Twitter, inanunuliwa kwa malipo. Kisha tazama saa. X huonyesha saa kwa majira ya simu inayosoma, kwa hiyo picha iliyopigwa Kisumu hubeba saa za Kisumu. Ukitumiwa saa 7 mchana picha ambayo ndani yake ujumbe unasoma 15:00 ya siku hiyo hiyo, imetengenezwa, au imepigwa na mtu aliye mbali mashariki yetu. Mwisho, acha picha kabisa, nenda kwenye akaunti yenyewe ukautafute ujumbe. Usipouona, usiupeleke.

Video ina mtego mwingine: inaweza kuwa ya kweli na ikawa ya zamani. Tazama jezi na mabango ya nyuma. Kwa Manchester United, maandishi ya TeamViewer kifuani yaliisha msimu wa 2023/24, na Snapdragon ikaingia msimu uliofuata. Video ya "kocha akiaga leo" yenye wachezaji waliovaa jezi za TeamViewer ni ya zamani, hata kama imeingia simuni mwako dakika mbili zilizopita.

Na kwenye WhatsApp, angalia mishale miwili juu ya ujumbe. Maana yake umepita mikono mitano au zaidi tangu ulipoandikwa, kwa hiyo aliyekutumia hajui ulikotoka. Usimgombeze. Mwombe tu kiungo cha habari yenyewe. Akikosa, jibu umeshalipata.

Saa nayo inasaidia. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi Kenya tuko mbele ya Uingereza kwa saa tatu. Miezi mingine ni saa mbili. Klabu za kule hupenda kutangaza asubuhi au adhuhuri yao, siku moja au mbili baada ya kichapo. Unai Emery: Arsenal walifungwa Alhamisi, akafutwa Ijumaa, 29 Novemba 2019. Ole Gunnar Solskjær: Manchester United walifungwa 4-1 na Watford Jumamosi, akaondoka Jumapili, 21 Novemba 2021. Thomas Tuchel: Chelsea walifungwa na Dinamo Zagreb Jumanne, kalamu Jumatano, 7 Septemba 2022. Ten Hag mwenyewe: alifungwa na West Ham Jumapili, Jumatatu tarehe 28 Oktoba 2024 hayupo. Kwa saa zetu, dirisha hilo ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri hivi. Tetesi ya saa 8 usiku iache ilale hadi kupambazuke. Kuna waliovunja desturi: Nottingham Forest walimwondoa Ange Postecoglou tarehe 18 Oktoba 2025 chini ya nusu saa baada ya kipenga cha mwisho. Kwa hiyo saa ni kidokezo tu, haikupi uthibitisho.

Kitu kimoja usikitumie kama ushahidi ni bei za kampuni za kubeti. Soko la "nani atafutwa kwanza" lina pesa kidogo, na watu wachache wakiweka upande mmoja bei inaporomoka. Halafu mtu anaandika "bei imeshuka, lazima kuna jambo", wengine wanasoma wanaweka zaidi, inashuka tena. Ni tetesi inayojilisha. Hela ya unga au ya karo isiingie hapo, na ya mkopo wa Fuliza ndiyo kabisa.

Kwa timu za nyumbani mambo huenda tofauti. Ukifuata Gor Mahia, Shabana au Kakamega Homeboyz, tangazo huja mara nyingi kama picha ya barua kwenye ukurasa wa klabu. Barua ni rahisi kughushi, kwa hiyo kagua nne: kichwa cha barua, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, na kama barua hiyo hiyo iko kwenye ukurasa rasmi ambao umekuwa ukiufuata tangu zamani, si uliofunguliwa mwezi uliopita. Soma kitenzi kwa makini. "Amesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike" na "ameombwa apumzike" si kufutwa. Kocha anaweza kurudi. Una faida pia ambayo shabiki wa timu ya Uingereza hana: unaweza kwenda mazoezini ukaona nani ameshika filimbi. Siku ya mechi uwanjani Bukhungu au Gusii, tazama nani anasimama kando ya mstari akiongoza. Mara moja bila kocha mkuu inaweza kuwa ni adhabu ya kadi au homa. Mara mbili, uliza.

Msimamizi wa kikundi, usiruhusu tetesi iingie uchi. Ivalishe hivi, mistari minne tu:

TETESI, haijathibitishwa.
Chanzo: jina la mwandishi au chombo, na kiungo.
Kinachosemwa hasa: sentensi moja, bila chumvi.
Nimekagua saa: … Klabu yenyewe imesema: bado / imekanusha / imethibitisha.

Mambo yakichemka, fungua mipangilio ya kikundi uweke wasimamizi pekee ndio watume ujumbe kwa nusu saa. Waambie mapema kwa nini na hadi saa ngapi, la sivyo watadhani umewafungia kwa sababu wewe ni wa timu pinzani. Matusi kwa familia ya kocha yaondoe papo hapo. Kupinga mbinu zake ni haki ya shabiki. Mkewe na watoto hawakupanga kikosi.

Wako watakaowekeana soda au nauli hata ukisema nini. Basi wakubaliane kwanza maana ya neno. Tarehe 17 Desemba 2015 Chelsea walisema wameachana na José Mourinho kwa makubaliano ya pande zote. Je, huko ni kufutwa? Watu wameshikana mashati kwa swali dogo hivyo. Andikeni kabla: kinachohesabiwa ni tangazo la klabu, kabla ya siku fulani saa fulani, na kama "makubaliano" yanaingia au hayaingii. Soda ikae kwa mtu wa tatu asiye upande wowote.

Tangazo likitoka kwenye tovuti ya klabu, lisome lote kabla hujalipeleka. Tafuta kama anaondoka mara moja au mwisho wa msimu, kama wasaidizi wanaondoka naye, na nani anashika timu kwa muda. Kaimu hupuuzwa, ilhali ndiye atakayepanga kikosi Jumamosi: baada ya Ten Hag, Ruud van Nistelrooy aliongoza Manchester United mechi nne kabla ya Ruben Amorim kuanza kazi tarehe 11 Novemba 2024, akashinda tatu na kutoka sare moja. Weka jina la kaimu na saa ya mechi ijayo, kwa majira ya hapa, kwenye ujumbe huo huo wa uthibitisho. Kisha rudi juu ufute ile tetesi ya asubuhi, maana kuna mtu Nyalenda, Kisumu, atakayewasha data saa 3 usiku aanze kuisoma upya.