SOMO: Chakula cha siku mbili za mafuriko, bila kuwasha jiko

Masika ikikaribia tu, majirani wananiuliza: tuweke chakula gani maji yakiingia ndani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, someni hapa. Naishi bonde la Msimbazi, Dar. Maji yakifika jikoni mkaa unalowa, na duka la kona limefungwa. Kipimo ni cha watu wanne.

1. Nunua karanga kilo moja, tende kilo moja, makopo manne ya samaki na biskuti kavu pakiti nane. Karanga na tende peke yake zinampa kila mtu kama kalori 1,000 kwa siku.

2. Chambua karanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa.

3. Kaanga kwa moto mdogo, kisha POZA. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilizimimina kwenye ndoo ya plastiki zikiwa vuguvugu, nikafunika. Maji yalipokuja nikafungua: chini ya mfuniko matone ya maji, karanga za juu zimeota utando wa kijani, na mwanangu ameshatia mkono. Nilimnyang'anya, nikamwaga kilo nzima. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kukaanga upya. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo zitandaze kwenye sinia mpaka ziwe baridi kabisa, hata zile za katikati. Chombo kiwe kikavu. Ukiona ukungu, usichambue zilizo nzima, mwaga zote.

4. Tende weka chombo chake. Zina unyevu, ukizichanganya mapema karanga zinalainika. Wakati wa kula toa kokwa, jaza karanga ndani. Watoto wanapenda sana. Walio chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima, zinawakaba, watwangie.

5. Maji ya kunywa: lita tatu kwa mtu kwa siku, yaani dumu la lita 20 na la lita tano. Yafunike, yaweke juu.

MASWALI

Mkazi wa Kigogo: Karanga nikiziweka za moto halafu nifunge vizuri kabisa, si ndiyo zitakaa zaidi?

Jibu: Soma hatua ya 3.

Mkazi wa Kigogo: Nimeuliza tu, mbona mkali?

Jibu: Kwa sababu zitaliwa na watoto wako. Isome yote, tafadhali.

Mama wa Mbagala: Hayo maji chini ya mfuniko yanatoka wapi, na karanga zimekaangwa?

Jibu: Asante kwa kuuliza, dada. Karanga ya moto bado inatoa mvuke. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi unageuka matone, yanadondokea karanga za juu. Ndiyo maana ukungu wangu ulianzia juu. Jaribu hivi: funika chache kwenye glasi kwa dakika kumi, utayaona mwenyewe.

Mwanafunzi: Dagaa wa kukaanga je?

Jibu: Wazuri, lakini wakiwa na chumvi nyingi wanaleta kiu. Ongeza maji.

Fundi: Kopo likikosa kifungulio, ligeuze, sugua ukingo wa juu kwenye zege mpaka uanze kulowa, kisha bana ubavuni. Linaachia.

Jibu: Hili sikulijua, fundi, ahsante. Niongeze: kopo lililoguswa na maji ya mafuriko lioshwe kwa sabuni na maji safi kabla ya kufunguliwa. Lililovimba usilifungue kabisa. Na likishafunguliwa, limalizeni hapo hapo, maana umeme ukikatika friji ni kabati tu.

Mama wa Mbagala: Nina kichanga cha miezi minne.

Jibu: Huyo ni ziwa lako peke yake. Kwa hiyo wewe kunywa maji kwanza, wengine wafuate. Ongeza dumu moja kwa ajili yako.