Namna ya Kusoma Utafiti Unaohusu Msongo wa Mawazo, Pombe na Kemia ya Ubongo

Wasomaji wengi wakishika ripoti ya utafiti husoma ikisiri, wakaruka hadi hitimisho, na hapo hujiona wameimaliza. Katika utafiti unaounganisha msongo wa mawazo, unywaji wa pombe na kemia ya ubongo, njia hiyo ya mkato humpoteza msomaji mapema, kwa sababu kila moja ya mambo hayo matatu hupimwa kwa namna nyingi, na ripoti mbili zinazoonekana kupingana mara nyingi hazikupima kitu kimoja. Ushauri wangu ni kuanzia sehemu ya mbinu, kalamu ikiwa mkononi, na kuyaacha matokeo yasubiri hadi ujue ni ubongo wa nani uliochunguzwa, ulitiwa msongo wa namna gani, na pombe iliingia mwilini kwa kiasi gani na wakati gani.

Anza na mwenye ubongo. Sehemu kubwa ya maarifa ya fani hii imetokana na panya, na panya nao hawafanani. Panya wadogo wa ukoo wa C57BL/6 wakiwekewa chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yenye pombe, hunywa pombe kwa hiari, ilhali wale wa ukoo wa DBA/2 huiepuka. Kwa hiyo mtafiti anapochagua ukoo amekwisha kulielekeza jibu lake kabla ya kumwaga tone la kwanza. Angalia pia kama panya huyo alikuwa mnywaji tu au alikwisha kuwa tegemezi. Njia inayotumika sana kumfikisha kwenye utegemezi ni kumweka katika kizimba kinachojazwa mvuke wa pombe, kwa kawaida saa 14 kwa siku na mapumziko ya saa 10, kwa majuma kadhaa. Mvuke ukiisha kuondolewa, baada ya saa 6 hadi 8, panya hupewa wenzo wa kubonyeza ili apate pombe, naye hubonyeza mara nyingi kuliko mwenzake ambaye hakupitia mvuke. Wawili hao wanakunywa kinywaji kilekile, lakini mmoja anafuata raha na mwingine anaikimbia adha ya pombe kumtoka mwilini. Ripoti ikisema tu kwamba “panya waliongeza unywaji” bila kubainisha ni panya yupi kati ya hawa, nusu ya thamani yake imekwisha kupotea.

Jambo la pili ni msongo wenyewe. Kwa wanyama, msongo unaweza kuwa shoti ndogo ya umeme miguuni, kufungwa katika mrija usioruhusu kugeuka, kutengwa peke yake, au kuingizwa katika kizimba cha dume mkubwa mwenye ugomvi. Hayo yote huitwa kwa jina moja, ingawa panya anayeshindwa na mwenzake na panya anayebanwa kwenye mrija hawapitii jambo moja, na matokeo yao kuhusu unywaji hayalingani. Binafsi, hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi kuliko mahali pengine popote katika ripoti.

Kwa binadamu, kipimo kinachotumika sana ni kile kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993. Mshiriki hupewa dakika chache za kujiandaa, kisha husimama mbele ya jopo lililovaa makoti meupe na kujinadi kwa dakika 5 kana kwamba anaomba kazi. Wanajopo wameelekezwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa. Akimaliza, huambiwa ahesabu kwa sauti akirudi nyuma kutoka 1022 kwa kutoa 13 kila mara, na akikosea huanza upya. Wakati huo huo sampuli za mate hukusanywa ili kupima kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Adrenalini hupanda katika sekunde chache, lakini kotisoli huchelewa na kufikia kilele dakika kadhaa baada ya mtihani kwisha, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa mapema mno itaonyesha kwamba hakuna kilichotokea. Vilevile kotisoli huwa juu asubuhi muda mfupi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Ndiyo maana watafiti waangalifu hufanya jaribio hili alasiri. Tafuta saa ya jaribio katika sehemu ya mbinu. Ikiwa kundi moja lilipimwa asubuhi na jingine jioni, usihangaike na jedwali la matokeo.

Pombe nayo ina hesabu zake. “Kinywaji kimoja” nchini Marekani ni gramu 14 za pombe halisi, kipimo cha Uingereza ni gramu 8, na AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima unywaji wa mtu, lenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40, huchukua takriban gramu 10. Zoea kubadilisha mwenyewe: zidisha mililita kwa asilimia ya kileo, kisha zidisha kwa 0.789, ambao ndio uzito wa mililita moja ya pombe kwa gramu. Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za pombe, yaani karibu gramu 20. Chupa hiyo moja ni kinywaji kimoja na nusu, au pungufu kidogo, kwa Mmarekani, vipimo viwili na nusu kwa Mwingereza, na vinywaji viwili kwa anayefuata AUDIT. Usipofanya hesabu hiyo, utalinganisha “vinywaji vinne” vya ripoti mbili na kushangaa kwa nini matokeo yake hayakutani.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye kemia, na uiingie ukijua inavyokwenda. Pombe huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na huzuia sehemu ya kazi ya glutamati, inayozichangamsha. Pia huamsha afyuni za mwili wenyewe, yaani kemikali zinazofanana na afyuni ambazo ubongo huzitengeneza, na dopamini katika njia za malipo ya raha. Pombe ikiingia kila siku kwa wingi, ubongo hujirekebisha kwa kupunguza utulivu na kuongeza mchangamko ili usawa urudi. Pombe ikikatika ghafla, marekebisho yale hubaki peke yake: mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea, na kwa wengine degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kwa sababu hiyo, msomaji ambaye mwenyewe hunywa sana kila siku asiufanye mwili wake maabara kwa kuacha kwa siku moja. Aanze kwa kumwona daktari.

Upande wa msongo, kemikali ya kufuatilia ni CRF (corticotropin-releasing factor), peptidi, yaani mnyororo mfupi wa protini, ya asidi amino 41 ambayo Wylie Vale na wenzake waliitambua mwaka 1981 kutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, za kondoo. Kutoka hapo, CRF huiamrisha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziamrisha tezi za juu ya figo kutoa kotisoli. Lakini CRF ipo pia katika amigdala, kiini kinachohusika na hofu, na huko hufanya kazi bila kupitia kotisoli. Katika panya tegemezi, CRF ya amigdala hupanda pombe inapowatoka, na dawa inayoziba vipokezi vyake, yaani sehemu za seli ambazo CRF hujishikiza, hupunguza unywaji wao huku ikimwacha panya asiye tegemezi akinywa kama kawaida yake.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waandishi wa ripoti. Pombe yenyewe, inaponywewa kwa wingi, hupandisha kotisoli, ilhali walio tegemezi kwa muda mrefu wakipewa mtihani kama ule wa Trier mara nyingi huonyesha kotisoli isiyopanda vya kutosha. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kotisoli kwa mnywaji hakikuambii kama msongo ulimleta kwenye chupa au chupa ilimharibia mfumo wa msongo. Jibu la swali hilo hupatikana katika utafiti unaowafuata watu walewale kwa miaka, au unaowagawa washiriki kwa bahati nasibu. Uliopiga picha ya siku moja hauwezi kulitoa, hata mwandishi wake aandike kwa uhakika kiasi gani.

Chunguza pia namna kemikali ilivyopimwa ndani ya ubongo ulio hai. Ripoti ikidai kwamba “dopamini ilipanda” kwa binadamu, mara nyingi ilitumia skani ya PET, inayopiga picha ya ubongo kwa kufuata dawa yenye mionzi, na dawa ya raclopride yenye kaboni-11, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Skani hiyo haioni dopamini. Huona vipokezi vilivyobaki wazi kwa raclopride, na vikipungua, mtafiti hukisia kwamba dopamini imevikalia. Ukisio huo una misingi mizuri, lakini ubaki ukiujua kuwa ni ukisio.

Mwisho, uliza kama matokeo ya panya yamejaribiwa kwa watu. Kisa cha CRF kinafaa kukumbukwa. Baada ya miaka mingi ya matokeo mazuri maabarani, dawa mbili zinazoziba kipokezi cha CRF, pexacerfont na verucerfont, zilijaribiwa kwa watu tegemezi wenye wasiwasi mwingi, na ripoti zake zikatoka mwaka 2015 na 2016. Hakuna iliyopunguza hamu ya pombe. Jaribio la verucerfont lilifanywa kwa wanawake, wakati tafiti nyingi za panya zilizolitangulia zilitumia madume, na hilo pekee linatosha kukufanya uandike jinsia ya washiriki pembeni mwa kila ukurasa. Naltrexone, inayoziba vipokezi vya afyuni, ilipitia njia ileile ya kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1994 kwa matibabu ya utegemezi wa pombe.

Ukimaliza kusoma, liandike upya hitimisho la ripoti kwa maneno yako, ukiyarudisha masharti yote yaliyoachwa. Badala ya “kuziba CRF hupunguza unywaji unaotokana na msongo,” utaandika: “Katika panya madume waliofanywa tegemezi kwa mvuke, saa chache baada ya pombe kuwatoka, dawa ya kuziba CRF ilipunguza mara walizobonyeza wenzo.”