Kuacha Sigara: Siku za Mwili, Miezi ya Mazoea

Mtu anayeuliza kama kuacha sigara ni shida ya mwili au ya akili kwa kawaida anatafuta jibu moja, na jibu hilo moja ndilo humponza. Akiambiwa kwamba ni nia tu, atajiona mnyonge siku ya pili, usingizi utakapompaa na hasira kumpanda bila sababu. Akiambiwa kwamba ni nikotini tu, ile kemikali ya tumbaku inayomfunga mvutaji, atadhani amekwisha kuvuka baada ya wiki nne, kisha atanyoosha mkono matangani na kupokea sigara kabla hajajua amefanya nini. Mimi niliacha mara nne hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kabla ya mara iliyodumu, na kila nilipoanguka ilikuwa kwa sababu nilipambana na mazoea kana kwamba ni nikotini, au nilijihubiria nia njema wakati mwili ulikuwa ukihitaji kitu cha kutafuna na kulala mapema.

Anza kwa kupima deni la mwili. Nikotini ya moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi, na damu hupoteza karibu nusu yake kila baada ya saa 2, kwa hiyo mvutaji aliyelala usiku kucha huamka akiwa karibu hana kitu. Jiulize ni dakika ngapi hupita kati ya kufumbua macho na sigara yako ya kwanza. Zikiwa chini ya 30, mwili umefungwa barabara na utakudai kwa ukali. Ukiweza kuoga, kunywa chai na kushuka kutoka mtaa wa Kadutu hadi ule wa Nyawera ndipo uikumbuke sigara, basi kinachokushika zaidi ni mazoea, na maandalizi yako yaelekee huko.

Kipimo cha pili ni kuchunguza jinsi hamu inavyokuja. Ile ya mwili huongezeka polepole kadiri saa zinavyopita, popote ulipo. Ile ya mazoea hukurukia ghafla, na karibu kila mara huwa na mahali, saa au mtu. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo kuhusu wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, waliofuatiliwa katika safari ndefu za saa 10 hadi 13 na katika safari fupi za saa 3 hadi 5 na nusu. Kama hamu ingetokana na upungufu wa nikotini peke yake, ingalikuwa sawa baada ya saa zile zile. Lakini ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe safari fupi au ndefu. Nimeyaona hayo kwenye boti iendayo Goma: watu waliokaa saa nzima wakizungumza kwa utulivu huanza kupapasa mifuko mara tu bandari inapoonekana.

Hata hivyo sipendi kusikia mtu akisema kwamba hayo ni mawazo tu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wavutaji waliopata madhara ya ubongo, kwa mfano baada ya kiharusi, na baadhi ya wale walioharibika sehemu iitwayo insula waliacha sigara kwa urahisi wa kushangaza, bila hamu kurudi. Mazoea nayo yana nyama yake mle kichwani.

Baada ya vipimo hivyo, chagua siku, isiyozidi wiki mbili mbele, isiyoangukia mitihani, safari ya kibiashara wala kilio cha familia. Wengi hupenda kupunguza kidogo kidogo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 uliwagawa wavutaji karibu 700 katika makundi mawili: baada ya wiki nne, 49 kati ya kila 100 walioacha kwa mkupuo walikuwa bado wameacha, dhidi ya 39 kati ya kila 100 waliopunguza taratibu. Mimi nilipunguza mara tatu, na mara zote tatu ile sigara moja iliyobaki ya siku ikawa tamu kuliko zote.

Siku zinazotangulia usijilazimishe chochote ila kuandika. Weka daftari dogo mfukoni, pamoja na pakiti, na kila unapowasha andika saa, mahali, uliyekuwa naye na kama kweli uliitaka. Jumanne moja niliandika sigara 17, na nilipozisoma usiku niliona kwamba nilikuwa nimezihitaji sita tu. Zilizobaki zilikuja na kahawa, na kumsubiri mwendesha pikipiki, na sahani ya ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, iliyokwisha, na chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Daftari hilo ndilo ramani yako, kwa kuwa kila mahali palipoandikwa mara mbili ni mahali utakapovamiwa.

Siku tatu za kwanza, na kwa wengine wiki nzima ya kwanza, ni zamu ya mwili. Utakuwa mkali, utasahau ulichokuwa ukisoma, utakula ovyo, huenda tumbo likafunga, na usiku utageuka kitandani. Hali hiyo hufika kileleni mapema, kisha hupungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki tatu au nne. Kila wimbi la hamu, hata lile linaloonekana halina mwisho, hudumu dakika chache. Usiniamini, shika saa. Siku yangu ya pili nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikitazama mshale wa sekunde, na wimbi lililonifanya niume meno likapita katika dakika ya nne, nikiwa bado na karanga ambazo sijazimenya mkononi. Karanga zenye maganda zinafaa kuliko zilizomenywa kwa sababu vidole vinapata kazi. Muwa unafaa pia, hasa kwa mtu aliyezoea kushikilia kitu mdomoni.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, nalo linatuhusu sana sisi tunaokaa jirani na mashamba ya kahawa. Moshi wa tumbaku huharakisha ini katika kuondoa kafeini mwilini. Ukiacha kuvuta na ukaendelea na vikombe vile vile, kafeini katika damu inaweza kufikia mara mbili ya ulivyozoea, nawe utatetemeka, moyo utakwenda mbio, usingizi utatoroka, na utailaumu sigara uliyoikosa. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Hali kadhalika, mtu anayetumia dawa za kila siku amwambie daktari wake kwamba anaacha, kwa kuwa kipimo cha baadhi ya dawa hubadilika kwa sababu hiyo hiyo.

Kama sigara yako ya kwanza huwashwa chini ya dakika 30 baada ya kuamka, si aibu kutafuta msaada wa duka la dawa. Chingamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, ingawa si kila duka linaziweka, hivyo ulizia kabla ya siku uliyoichagua. Chingamu hizo hazitafunwi kama peremende: tafuna polepole mpaka ladha kali itoke, iweke kati ya ufizi na shavu, ladha ikiisha tafuna tena, na usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake, kwani huzuia nikotini kupenya. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo waulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Kisha huja zamu ya mazoea, nayo ni ndefu. Hapa haifai kukaza meno. Panga upya siku yako. Badilisha njia ya kwenda kazini, kunywa chai ukiwa umesimama kama ulikuwa ukivuta umekaa, ondoka mezani mara tu unapomaliza kula, na kwa mwezi wa kwanza iache bia na kasiksi, kwa maana pombe hulegeza ahadi kabla haijalegeza miguu. Waambie pia watu, kwa sababu mazoea yako yanaishi hata mikononi mwao. Kijana aliyekuwa akiniuzia sigara mojamoja kwenye kona ya mtaa wetu alikuwa hanisubiri niseme, alininyoshea mbili na kiberiti, akisema, «Papa, zako hizi.» Nilimjibu, «Mwanangu, tangu leo nipe karanga.» Alicheka. Siku tatu mfululizo mkono wake uliendelea kwenda kwenye pakiti kwanza, ukasita, ndipo ukarudi kwenye karanga.

Matanga yanahitaji mpango wa peke yake. Usiku ni mrefu, kuna baridi, wanaume wamekaa kuzunguka moto, na kukataa kinachotolewa huonekana kama kujitenga na msiba. Kaa na wanaogawa chai au wanaopanga viti, shika kikombe kwa mkono uliozoea sigara, na uwe na neno lililotayarishwa, fupi, lisilofungua mjadala: «Asante ndugu yangu, kifua kimenikatalia.» Kwetu hakuna anayebishana na kifua cha mtu.

Ukianguka, itupe hiyo uliyoiwasha kabla haijaisha, usinunue pakiti kwa kisingizio kwamba siku imekwisha kuharibika, na uandike katika daftari mahali na saa kama ulivyofanya mwanzo, kwa maana umegundua kona ambayo haikuwa kwenye ramani. Na usishtuke ukikohoa zaidi katika wiki za kwanza, kwani vinyweleo vidogo vya njia ya hewa huanza tena kusukuma makohozi nje. Lakini kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na damu, homa za jioni au kukonda, nenda ukapimwe kifua kikuu, kwa sababu wavutaji hushikwa nacho kwa urahisi zaidi.