SOMO: Mchezo wa maji ya Nile darasani (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu, kila wiki naulizwa inboksi huu mchezo unachezwaje, naandika mara moja iishe. Kifupi: kila kundi la wanafunzi linakuwa nchi ya bonde la Nile, wanajadiliana kugawana maji ya mto. Natumia Form Three hapa Mwanza, vipindi viwili vilivyoungana.

1. Makundi sita: Misri, Sudani, Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania.

2. Vizibo vya soda 40 ndo maji. Misri 30, Sudani 10, wengine sifuri. Watalalamika, waache, ndo mkataba wa 1959 ulivyo: Misri kilomita za ujazo 55.5 kwa mwaka, Sudani 18.5, hao wengine hata mezani hawakuitwa.

3. Kadi ya siri kwa kila kundi. HAPA ndo walimu wengi wanaua mchezo. Wanaandika "Ethiopia: ombeni vizibo 10", watoto wanaomba, wananyimwa, kimya. Andika shida na hofu ya nchi, JIBU USIANDIKE. Ethiopia "tunataka umeme", Misri "mvua hatuna, mto ukipungua tumekwisha". Kaa pembeni, kuna mtoto atasimama aseme maji ya bwawa yakishazungusha mitambo yanaendelea kushuka, kumbe Ethiopia haihitaji kizibo hata kimoja, ugomvi ni bwawa lijazwe kwa miaka mingapi. Hilo Ethiopia na Misri walilibishania kweli kwa miaka tangu ujenzi wa bwawa kubwa la Ethiopia (GERD) uanze 2011. Ukimtajia wewe umemnyang'anya somo.

4. Raundi 3 za majadiliano, kila moja dakika 15, kunong'onezana ruksa.

5. Mkataba kwenye manila, asiyetaka asisaini. Usimlazimishe mtu, dunia haina polisi wa kulazimisha.

MASWALI

– Mkuu vizibo vingapi?
Hatua ya 2.

– Nina watoto 90, huu ni wa shule za kulipia.
Sio kweli, darasa langu nalo limejaa. Ongeza Rwanda, Burundi, Kongo na Sudani Kusini, wanaobaki wawe waandishi wa habari wahoji kila raundi ikiisha.

– Ticha, kundi langu la Tanzania lilitishia kufunga Ziwa Victoria, Misri ife kiu. Inawezekana?
Swali zuri sana. Maji ya ziwa yanatoka kuingia Nile pale Jinja tu, na Jinja ni Uganda, sisi hatuna koki ya kufunga. Halafu mengi yanapotelea kwenye vinamasi vya Sudd kule Sudani Kusini, sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri ni ya milima ya Ethiopia. Raundi ya 2 waongezee kadi: mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na makubaliano ya kikoloni ya 1929, yale ya Uingereza na Misri kuhusu maji ya Nile. Waijengee hoja hapo.

– Vizibo unapata wapi, soda siku hizi chupa za plastiki?
Hivyo vya plastiki ndo vizuri, havikati vidole. Muombe muuza soda akuwekee, ukikosa okota kokoto, Mwanza hatukosi mawe.