Samadi mbichi usimwage shambani, fanya hivi kwanza

Unafuga ng'ombe au mbuzi na bado udongo wako umechoka? Basi shida ni vile unavyoitumia samadi. Wengi tunazoa bandani tunaenda kumwaga moja kwa moja, alafu wiki mbili mbele magugu yanapita mahindi, maana mbegu nyingi za magugu zinapita tumboni mwa ng'ombe na kutoka zima zima, na miche michanga nayo inaungua.

Anza na banda. Tandika mabua au nyasi kavu za kutosha zinyonye mkojo, watu wanaudharau kumbe nitrojeni nyingi (chakula kinachokuza majani ya mmea) iko humo, ukiuacha utiririke ni mbolea imeenda hivyo. Ukiingia asubuhi harufu inakuchoma macho jua nitrojeni inakimbia hewani, ongeza matandiko.

Sasa lundo la kuozesha hiyo samadi. Tafuta kivuli, mahali pasipotuama maji, panga tabaka la makavu, samadi, majani mabichi, udongo kidogo, rudia hivyo hivyo mpaka mita 1 hadi 1.5 kwenda juu na upana wake hivyohivyo, likiwa dogo halishiki joto. Kupima maji kamata konzi moja uikamue, ikitoa tone moja mawili iko poa, ikichuruzika changanya makavu.

Chomeka fimbo ndefu ifike katikati. Siku ya 3 au ya 4 ichomoe uishike ile ncha, ikikushinda kwa moto safi sana, ndani kunacheza nyuzi 55 hadi 65 na hapo ndo mbegu za magugu zinakufa. Fimbo ikianza kutoka imepoa geuza lundo, ya nje iingie ndani (sikufichi, mgongo utauma). Ikitoka kavu ina ukungu mweupe mwagia maji, ikinuka mayai viza hewa hakuna, geuza leo leo usingoje kesho.

Miezi 2 au 3 hivi inakuwa nyeusi, haujui tena kipi kilikuwa bua. Weka konzi mbili kila shimo la kupandia, changanya na udongo, ukimaliza tandaza mabua juu. Najua ng'ombe nao wanayataka hayo mabua, gawa, ila shamba lisibaki uchi, na katikati ya mistari ya mahindi panda kunde, zinaongeza nitrojeni na majani yake mifugo inakula. Mvua ikinyesha tu usiwaingize ng'ombe shambani mpaka pakauke, kwato zinashindilia udongo mpaka jembe linagoma.