Somo: kuikamata MYC inaposhuka seli za lukemia zikikomaa

Assalaam aleikum, wale mloniuliza juzi namna ya kupima MYC, jeni inayosukuma seli zigawanyike, pale seli za lukemia zinapokomaa, somo lenu ndo hili. Tunatumia seli za HL-60, zilitoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu kule Marekani miaka ya 70 na mpaka leo zinazaana tu. Jeni ya MYC imejirudufu mara nyingi ndani yake, basi seli inagawanyika na kugawanyika lakini haikomai, kama mtoto anorejea darasa lile lile kila mwaka.

Kwanza otesha seli kwenye RPMI (maji ya chakula cha seli) na seramu, inkubeta digrii 37, CO2 asilimia 5. Anza na seli laki 2 kwa mililita.

Pili tia dawa, DMSO (kiyeyushi kinachozikomaza seli hizi) asilimia 1.25 au asidi ya retinoiki (jamaa ya vitamini A) mikromola 1, hiyo asidi haitaki mwanga kabisa ifunge foili. Chupa nyengine usiitie dawa, la sivyo utalinganisha na nini?

Tatu, hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanangoja siku ya 5 seli zishabadilika umbo ndo wanapima MYC. Ushachelewa sheikh! Inashuka ndani ya masaa, seli bado ukiitazama kwa hadubini ni ile ile. Chota saa 0, 3, 6, 24, kisha kila siku, toa RNA (nakala inayotoka jeni ikisomwa) upime MYC kwa PCR (njia ya kuzidisha nakala zihesabike) pamoja na jeni isiyobadilika ya kulinganishia.

Nne, siku ya 5 pima NBT (rangi ya kutambua seli zilokomaa), seli zichokoze na PMA (kemikali ya kuziamsha) kidogo, zilokomaa zinaingia buluu nzito, wewe hesabu tu.

MASUALI

Maalim, MYC inazimwaje, jeni inafutika?
– Haifutiki. Usomaji wa jeni, yaani kutoa nakala ya RNA, unaanza kama kawaida lakini unakatika mapema, mwaka 1986 ilioneshwa hivyo kwenye HL-60. Chukulia daladala imetoka Darajani kwenda Bububu ikaishia Mtoni.

Mie ninazo seli za K562 tu, za lukemia nyengine, nitumie?
– Hizo zina BCR-ABL (jeni mbili zilizoungana) na retinoiki haizifanyi kitu cha maana. Jaribu hemini (kemikali yenye chuma), zinaelekea upande wa damu nyekundu zinatengeneza himoglobini.

Shangazi yangu ana lukemia, nimpe vitamini A?
– Hapana dada, usimpe! Retinoiki inatibu lukemia ya promielosaiti, ile kromosomu 15 na 17 zimebadilishana vipande, na inatolewa na daktari hospitali kwa uangalizi maana ina madhara yake. Vidonge vya vitamini A si dawa hiyo, na vikizidi vinaumiza ini. Muulize daktari wake ni lukemia ya aina gani.