Somo: Kutoa na kupokea maoni juu ya uigizaji wa mhusika kwenye shoti ya katuni

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao chetu, kijana mmoja alituonyesha shoti yake, yaani kipande kimoja cha katuni kisichokatwa, ya sekunde 5. Hizo ni fremu 120, yaani picha 24 kwa kila sekunde. Bibi amekaa barazani anachambua mchele kwenye sinia. Mjukuu anakuja, mikono nyuma, ameficha kikombe alichokivunja mpini. Bibi anainua uso: "Una nini huko nyuma?"

Watu wakaanza. "Kali sana!" "Bado haijakaa." Mmoja akamtajia makosa 14 mfululizo. Kijana akafunga kompyuta bila kujua aanzie wapi. Iliniuma, maana shoti ile ilikuwa na wazo zuri. Basi tuanze upya, taratibu.

Hatua ya 1: Uliza kazi imefikia wapi. Kama bado ni blokingi, yaani pozi kuu tu, usimwambie vidole vimekakamaa. Pozi lenyewe huenda likafutwa kesho. Uliza pia shoti iliyotangulia inaishia wapi.

Hatua ya 2: Tazama mara moja tu, kisha sema ulichoelewa. Zima sauti, usisimamishe, usirudishe nyuma. Ikiisha, sema kwa sentensi moja kilichotokea. Mtengenezaji ameitazama shoti yake mara mia tatu. Hawezi tena kuiona kama mgeni. Wewe unaweza, na nafasi hiyo unaipata mara moja. Mimi nilimwambia yule kijana: "Nimeona mtoto anamringia bibi yake." Akashtuka. Alikusudia hofu. Kuhusu kikombe, hakuna aliyekiona.

Maoni hayo hayana sifa wala lawama, lakini ndiyo yaliyomfungulia njia.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo, ukianza na kamera. Kama mtazamaji haoni jambo, uigizaji mzuri hausaidii. Kamera ilikuwa usoni kwa mtoto, kwa hiyo kikombe kilifichwa kwa bibi na kwetu pia. Siri tusiyoijua haitutii wasiwasi. Kamera ikisogea ubavuni, nyuma kidogo ya mtoto, sisi tunakiona na bibi hakioni.

Kisha fanya jaribio la kivuli: wapake wahusika rangi nyeusi tupu uone kama pozi bado linasomeka. Mickey Mouse wa mwaka 1928 alikuwa na mwili mweusi na mikono myeusi isiyo na glavu. Akiuweka mkono mbele ya kifua, unapotea. Kwa hiyo tendo lilipaswa kuonyeshwa pembeni ya mwili. Leo tuna rangi zote, lakini jicho ni lile lile. Kikombe cha kahawia mbele ya kaptura ya kahawia hakipo.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye uigizaji, na swali kubwa ni hili: mhusika anataka nini? Kijana alimpa mtoto nyusi za hofu, mdomo wa hofu, mabega ya hofu, vyote kwa pamoja. Lakini mtoto mwenye siri hataki kuonekana anaogopa. Anajikaza, anatabasamu, halafu macho yanamsaliti: yanateleza chini, na kichwa kinafuata fremu 2 au 3 baadaye. Na bibi? Alirusha mikono juu wakati ule ule mtoto anasogea, tukakosa pa kutazama. Mtu mmoja acheze, mwingine atulie. Mikono ya bibi ikisimama ghafla juu ya mchele, hiyo peke yake inatosha kumtisha mjukuu yeyote.

Hatua ya 4: Taja fremu, taja tatizo, dawa mwachie mwenyewe. "Kuanzia fremu ya 52 sijui nimtazame nani" ni bora kuliko "punguza mikono." Ukiwa na wazo la kurekebisha, litoe kama wazo.

Hatua ya 5: Ukiwa unapokea, nyamaza na uandike. Najua ni vigumu. Lakini ukilazimika kueleza, ujue shoti haijaeleza. Watu watatu wakikwama sehemu moja, tatizo liko hapo au kidogo kabla ya hapo, hata kama kila mmoja anakupa dawa yake. Usirekebishe siku hiyo hiyo ukiwa na hasira.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, niko mkoani peke yangu, sina mwenzangu wa fani. Nimwonyeshe nani?*
Mwonyeshe shangazi, mwonyeshe mtoto wa jirani. Ila usiulize "ni nzuri?", maana watakusifu kwa upendo. Uliza "kimetokea nini?" Ukikosa mtu kabisa, geuza picha kushoto iwe kulia, makosa ya pozi yataonekana.

*Mteja wangu anasema tu "iwe na uhai zaidi." Nifanyeje?*
Muulize ni sekunde ya ngapi alianza kuchoka. Hapo atakuonyesha kwa kidole.

*Nampaje maoni mtu aliyenizidi umri na uzoefu? Naona kama namvunjia heshima.*
Ndugu yangu, hatua ya 2 itakusaidia sana hapa. Hujamwambia kakosea. Umesema, "Kaka, mimi nilidhani mtoto anaringa." Unasimulia ulichoona kwa macho yako, na mkubwa anayeipenda kazi yake atakuuliza mwenyewe, "Umeona hivyo wapi?" Mwambie hayo pembeni, si mbele ya mteja.

*Kujirekodi video kwanza kuna faida?*
Kubwa. Ficha kikombe kweli nyuma ya mgongo, mtu akuulize. Utashangaa mabega yako yanafanya nini.

*Yule kijana aliirekebisha shoti?*
Ameniletea jana. Kamera imesogea ubavuni, kikombe sasa ni cheupe. Mikono ya bibi inasimama fremu ya 58, na kwa fremu 12 hakuna kinachosogea isipokuwa kidole gumba cha mtoto, kinapapasa pale mpini ulipokatikia. Sasa anatafuta sauti ya punje za mchele zikidondoka kwenye sinia.